Roki ya kwanza ya bendi ya shule: wimbo gani utawafikisha mwisho?

Orodha ya kwanza niliyoletewa na bendi yetu ilikuwa na nyimbo kumi na moja. Tisa zilichaguliwa na mpiga gitaa, moja na mwimbaji, na ya mwisho iliandikwa kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa karatasi, herufi ndogo ndogo, kama mtu anayebisha hodi akijua hatafunguliwa. Hiyo ilikuwa ya mpiga dramu, binti wa S.2 (kidato cha pili) aliyekuwa na miezi minne tu tangu ashike vijiti. Nikawauliza: kati yenu, nani bado mgeni zaidi kwenye chombo chake? Wote wakamgeukia yeye. Nikawaambia basi nyimbo zitachaguliwa kwa mikono na miguu yake, si kwa vidole vya mpiga gitaa. Mpiga gitaa alinuna wiki nzima.

Niko Tororo, mashariki mwa Uganda, mji ambao roki yake ya kwanza haina gitaa: ni lile jiwe kubwa, Tororo Rock, lililosimama juu ya mji, ambalo msafiri analiona kabla hajaona nyumba hata moja. Utani huu watoto wameshauchoka, lakini mimi bado. Kila Jumamosi mchana nakaa na wanafunzi watano wa sekondari: dramu, besi, gitaa, kinanda na mwimbaji. Huku karibu na mpaka Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, maana nyumbani mmoja anaongea Dhopadhola, mwingine Ateso, na wawili wana babu upande wa Kenya. Wanne kati ya watano walijifunza chombo kanisani, na jambo hilo lina uzito kwenye kuchagua nyimbo kuliko nilivyodhani mwanzoni.

Nyimbo tulizozijaribu nitazipambanisha mbili mbili. Kipimo changu ni hiki: mtu akipotea katikati, wimbo unampa nafasi ya kurudi au unamwacha barabarani? Wimbo mwepesi chumbani unaweza kuwa mgumu sana jukwaani. Chumbani ukikosea unaanza upya, hakuna aliyesikia. Mbele ya wazazi mia tatu kwenye viti vya plastiki, siku ya kutembelea wanafunzi, ukianza upya kila mtu anajua. (Na nikisema kodi hapa chini, ni kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazotajwa kwa herufi kama G au A. Zile nyingine waulizeni URA, mamlaka ya mapato.)

Smoke on the Water au Seven Nation Army?

Karibu kila kijana anayepata gitaa huanzia kwenye moja ya hizi mbili, kwa sababu zote zimejengwa juu ya kipande kifupi kinachojirudia, ambacho sisi tunakiita rifu.

Smoke on the Water ni ya Deep Purple, ya mwaka 1972. Watoto wanapenda kisa chake: bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi kwenye kasino; Desemba 1971 kasino ile ikaungua wakati Frank Zappa akitumbuiza, na moshi ukatanda juu ya ziwa. Rifu yake ina noti nne tu tofauti. Anayejua kushika gitaa ataipata ndani ya dakika kumi, na mpiga kinanda naye hakai bure, kwa kuwa hata kwenye rekodi kinanda kinaipiga rifu pamoja na gitaa. Mpaka hapo mambo mazuri.

Shida ni kinachofuata. Rifu ile ni kama geti la chuma lililopakwa rangi kwenye kiwanja ambacho nyumba haijajengwa. Ukishaingia, ubeti unalitaka gitaa libadilishe kazi, kiitikio kinahamia kodi ambazo sikio la mgeni halizitarajii, kisha kuna solo ndefu. Wimbo mzima unapita dakika tano na nusu. Hata rifu yenyewe ina mtego: noti tatu za kwanza zinaangukia juu ya pigo, lakini kipande cha pili kinaangukia katikati ya pigo na pigo. Mpiga gitaa anakihisi bila kufikiri. Mpiga dramu wa miezi minne anadhani amekosea yeye, anajisahihisha, na hapo ndipo anapokosea kweli.

Mwaka jana kundi lililotangulia hili lilipanda jukwaani na wimbo huo. Rifu ya kwanza, makofi. Mwimbaji akachelewa kuingia. Mpiga gitaa akamfuata mwimbaji, mpiga besi akabaki na dramu, kinanda kikanyamaza. Ikawa bendi mbili kwenye jukwaa moja. Wakasimama. Wakaanza upya, mwimbaji akachelewa palepale. Baadaye niliwakuta nyuma ya bwalo, mpiga dramu wa wakati ule amekaa juu ya kreti la soda akibandua selotepu kwenye kijiti chake, kipande kimoja kimoja, hataki kuongea na mtu. Wimbo ule niliuchagua mimi.

Seven Nation Army ya The White Stripes, 2003, ukiisikia juu juu ni ndugu yake. Ndani ni tofauti kabisa. Rifu ina noti saba, na inapigika yote juu ya kamba moja, ile ya A. Sauti ile inayodhaniwa kuwa besi ni gitaa la Jack White lililoshushwa kwa pedali, kifaa cha kukanyagwa kinachobadilisha sauti. Bendi yao ilikuwa ya watu wawili na haikuwa na besi. Sisi hatuna pedali hiyo wala hatuihitaji. Tunampa besi rifu nzima, naye kwa mara ya kwanza maishani anakuwa mtu wa mbele. Besi yetu ni kijana aliyezoea kusimama nyuma ya kwaya. Siku aliyopewa kazi hii alirudi Jumamosi iliyofuata amenyoa nywele.

Dramu ndiyo sababu kubwa. Kwenye beti, Meg White anapiga ngoma ya mguu kila pigo, sawasawa, kama mtu anayetwanga mahindi kwenye kinu. Hakuna ujanja. Kiitikio kikija matoazi yanafunguka na gitaa linaingia kwa kishindo juu ya rifu ileile. Kitu pekee cha kukariri ni kodi mbili, G na A, zinazokuja kabla ya kishindo. Na ukipotea? Rifu inarudi ilipoanzia kila baada ya sekunde nne hivi. Unanyamaza, unasikiliza, unapanda tena, kama anayedandia gari la moshi ambalo linapita kila dakika.

Faida nyingine sikuitegemea. Mwimbaji hahitaji sauti ya juu sana, anakaribia kuongea, na hadhira inaujua wimbo hata kama haijui kwamba inaujua. Mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji waliuimba Milan mwaka 2003, Waitaliano wakaubeba kwenye Kombe la Dunia la 2006, na tangu hapo haujatoka viwanjani. Kijana yeyote anayelipa kiingilio kwenye kibanda cha mpira ameshausikia mamia ya mara. Tulipoupiga kwenye mazoezi, wapishi walitoka jikoni wakiuimba kwa "oo" na "aa", mwiko mkononi.

Hapa sioni mjadala. Smoke on the Water ibaki kuwa zoezi la mpiga gitaa nyumbani.

Zombie au Knockin' on Heaven's Door?

Hizi mbili ni za kodi nne zinazozunguka, na kwenye karatasi zinatoshana nguvu. Knockin' on Heaven's Door ya Bob Dylan, 1973, ina G, D, A ndogo (minor), halafu G, D, C. Basi, mpaka mwisho. Zombie ya The Cranberries, 1994, inazunguka E ndogo, C, G na D bila kubadilika, beti na viitikio vyote. (Gitaa lao linaweka besi ya F# chini ya ile D, mwachie mpiga besi kazi hiyo, mpiga gitaa apige D ya kawaida.)

Mimi mwenyewe nilidhani wa Dylan ungekuwa rahisi zaidi kwa sababu unakwenda polepole. Nilikosea. Mwendo wa polepole ni mgumu kwa mgeni wa dramu, maana kati ya pigo na pigo kuna nafasi pana ya kuwa na wasiwasi. Tuliurekodi kwa simu. Mwanzo tulikuwa tunatembea vizuri. Mwishoni tulikuwa kama watu wanaosindikiza jeneza. Na kwa kuwa wimbo wenyewe unamhusu mtu anayekufa, na jina lake linataja mlango wa mbinguni, mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama dirishani kwa heshima, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akaniuliza tunatoka kanisa gani.

Hapo ndipo lile suala la kanisa lilipojitokeza. Watoto waliojifunza kupiga kwenye ibada wana masikio mazuri sana. Kodi nne za Zombie mpiga kinanda wetu alizipata kabla sijamaliza kuzitaja, maana nyimbo nyingi za kusifu zinazunguka karibu namna hiyohiyo. Lakini kanisani wamefundishwa kumfuata mwimbaji. Mchungaji akitaka kusema neno, bendi inavuta muda. Mwimbaji akirudia kiitikio mara nane, nao wanarudia nane. Ni ustadi, sitaki mtu aniambie vingine. Kwenye roki, hata hivyo, wote wanaifuata dramu, mwimbaji akiwemo. Wimbo wa polepole unaiamsha tabia ya ibada mara moja. Zombie hauiamshi sana, kwa kuwa kila kodi inabadilika mahali pake na dramu inasukuma.

Zombie una kingine kinachowafaa wageni: ubeti ni wa chini, kiitikio ni cha kelele. Huhitaji kuwa fundi ili hadhira isikie kwamba kuna kitu kimetokea. Mpiga gitaa anapiga taratibu kwa sauti safi, anakanyaga pedali moja ya mkwaruzo, na bwalo zima linageuka. Kama hana pedali, aongeze nguvu ya mkono, inatosha.

Tahadhari zipo tatu. Wimbo unazidi dakika tano, ukateni: beti mbili, viitikio viwili, mwisho. Sauti ya mwimbaji wa The Cranberries, Dolores O'Riordan, ile ya kuvunjika katikati ya neno isiigwe, itamchosha mtoto na itawachekesha wenzake. Aimbe kwa sauti yake. Na la tatu, mpeni fundi wa sauti jina la wimbo pamoja na la bendi. Yule wetu alipojaza muziki wa kungojea aliweka Zombie ya Fela Kuti, wimbo mkali sana, ila si huu.

Maana yake nayo isirukwe. O'Riordan aliuandika baada ya bomu la Warrington, Uingereza, Machi 1993, lililoua watoto wawili. Kwenye chumba chetu cha mazoezi kuna kijana ambaye mama yake alikimbia vita kaskazini akiwa mdogo. Nilipoeleza wimbo unasema nini, alikaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kuuanza yeye, ule utangulizi. Yeye ndiye mpiga gitaa aliyenuna.

We Will Rock You au I Love Rock 'n' Roll?

Hapa kuna nyimbo za kuhusisha watu. Ule wa Joan Jett, uliotamba mwanzoni mwa 1982, una kodi tatu nono, E, A na B, na kiitikio ambacho mtu anakijua akikisikia mara moja. Mpiga gitaa anaupenda, na ana haki. Lakini una vituo: bendi nzima inanyamaza na sauti inabaki peke yake. Kituo kikipatikana ni kitamu kweli. Kisipopatikana, yule aliyepitiliza anasikika kama mbuzi aliyeachwa nje ya zizi. Pia maneno yanasimulia mwanamke anayemwona kijana wa miaka kama kumi na saba akiwa kando ya mashine ya muziki, na kuondoka naye. Mwalimu wa nidhamu aliomba maneno yote yachapishwe kabla ya tamasha. Tulimpelekea, akasoma hadi mstari wa tatu akavua miwani. Nawashauri mpeleke maneno mapema, kwa wimbo wowote, msingoje kuitwa.

We Will Rock You ndio wimbo ule wa kalamu nyekundu. Queen waliutoa 1977. Brian May ndiye aliyeutunga, na aliyeuimba, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ukiwaambia hayo watoto wanaozungumza Kiswahili wanakaa sawasawa. Kwenye rekodi hakuna dramu hata moja: ni miguu miwili chini, kofi moja, nafasi, ikarekodiwa mara nyingi hadi ikasikika kama uwanja mzima. Gitaa haliingii mpaka mwishoni. Wimbo wote ni dakika mbili tu.

Kwa bendi changa hilo ni zawadi na ni tatizo. Zawadi: hakuna cha kusahau. Tatizo: watu watatu wanasimama na vyombo shingoni hawana la kufanya. Tuliamua wote waweke vyombo chini, washuke ukingoni mwa jukwaa na kukanyaga pamoja na watu, halafu gitaa pekee lirudi mwishoni na kodi moja ya A ivume. Ile solo hatukuigusa.

Tatizo la pili linakuja kutoka kwa hadhira. Watu wakipiga makofi wanaongeza mwendo. Hawakusudii, ni furaha. Mara ya kwanza tulipowajaribu S.1 wote bwaloni, wimbo ulioanza kama watu wanaotembea uliisha kama watu wanaokimbia mvua. Dawa yake ni mtu mmoja wa kuongoza kwa mikono juu ya kichwa, mikono mikubwa, ya kuonekana hadi nyuma, na macho yake yasitoke kwenye mguu wa mpiga dramu. Kwetu ni mwimbaji. Inachekesha kumtazama, lakini mwendo unakaa.

Kisha kuna umeme. Ulikatika katikati ya mazoezi ya mwisho, saa kumi jioni, tukiwa kwenye kiitikio cha Zombie. Gitaa likafa, besi ikafa, kinanda kikafa, maikrofoni nayo. Ikabaki dramu peke yake kwenye giza la bwalo lenye madirisha madogo. Yule binti hakusimama. Alipiga mizunguko miwili ya wimbo ambao haukuwepo tena, kisha, bila kuambiwa, akahamia miguu miwili na kofi moja. Wenzake wakaingia kwa miguu. Tukamaliza dakika mbili hivyo, hatuonani vizuri, na vumbi la sakafu linapanda puani. Kuanzia siku hiyo We Will Rock You hauna nafasi maalumu kwenye ratiba yetu: ni wa mwisho, au ni wa pale umeme utakapokatika, chochote kitakachotangulia.

Zilizojaribiwa na kurudishwa

Smells Like Teen Spirit ya Nirvana, 1991: kodi nne tu, ndiyo, lakini ule mkwaruzo kati ya kodi na kodi ndio wimbo wenyewe, na mwimbaji wa miaka kumi na tano aliyeupiga makelele mazoezi mawili mfululizo alikuja kwenye ya tatu akiongea kama chura. Tuliuacha.

Wild Thing ya The Troggs, 1966, na Three Little Birds ya Bob Marley, 1977, ziwekeni bega kwa bega kama mna mtu anayebisha kwamba wepesi wa wimbo hupimwa kwa idadi ya kodi. Zote mbili zimejengwa juu ya A, D na E. Wild Thing tuliupata kwa saa moja. Three Little Birds hatukuupata kwa Jumamosi tatu, maana kwenye rege gitaa linakaa pale ambapo mgeni anataka kunyamaza, na dramu inaacha pigo la kwanza wazi na kuegemea la tatu. Watoto waliugeuza wimbo wa Shule ya Jumapili. Wild Thing nao una kasoro moja: bwaloni kwetu hakuna aliyeujua. Upo mfukoni, wa akiba.

Na Jambo Bwana?

Nilipendekeza mimi, wakacheka. Wimbo wa hoteli, walisema, wa watalii wa Mombasa. Ni kweli Them Mushrooms waliutoa miaka ya mwanzo ya 1980 na umeimbiwa wageni wengi. Lakini ulinganishe na Zombie kwa jicho la mzazi aliyekaa safu ya nne. Zombie anausikiliza; Jambo Bwana anauimba. Kodi zake ni tatu za kawaida; kwa G ni G, C na D. Ukiuwekea gitaa la kukwaruza, besi inayokimbia na dramu ya roki badala ya ule upole wa pwani, unakuwa kitu kingine, na mwimbaji hawezi kusahau maneno hata kwa hofu.

Mlio Kampala au Masaka, ambako ukumbi mzima unaongea Luganda, huenda usiwashike watu hivyo. Tafuteni wenu. Kadongo kamu, aina ya muziki wa Uganda ambayo jina lake lenyewe maana yake ni kigitaa kimoja, ina nyimbo nyingi ambazo gitaa ndilo linalozibeba, na dramu ya roki inakaa chini yake vizuri kuliko mtu anavyodhani. Nyimbo za Afrigo Band, iliyoanza 1975, ni tamu lakini zina mashine nyingi ndani: ala za kupuliza, magitaa yanayojibizana. Ziwekeni za mwaka wa pili.

Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo zinavyokaa kwenye daftari langu:

| Wimbo | Nani anaubeba | Nani anateseka | Mtu akipotea | Umeme ukikatika |
|---|---|---|---|---|
| Seven Nation Army | besi | karibu hakuna | anarudi baada ya sekunde nne | dramu na "oo" za watu |
| Smoke on the Water | gitaa na kinanda | dramu, mwimbaji | wote wanapotea naye | umekwisha |
| Zombie | gitaa, kinanda | mwimbaji | angoje E ndogo | umekwisha |
| Knockin' on Heaven's Door | mwimbaji | dramu | unazidi kupungua mwendo | gitaa kavu linatosha |
| We Will Rock You | hadhira | mwenye kushika mwendo | haiwezekani | hakuna atakayejua |
| I Love Rock 'n' Roll | gitaa | dramu, kwenye vituo | anasikika peke yake | kiitikio tu |
| Jambo Bwana | kila mtu | aliyeona haya | watu wanamrudisha | unaendelea |

Sauti kwanza, ufunguo baadaye

Msichague ufunguo wa rekodi, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umekaa, kwa sababu ndio wa rekodi. Wavulana wa S.2 na S.3 sauti zao zinavunjika. Noti aliyoifikia Januari, Juni haipo. Mwimbisheni bila vyombo kwanza, mtafute mahali kiitikio kinapomtoka bila kukaza shingo, ndipo mtafute kodi. Mpiga kinanda ana kitufe cha kuhamisha ufunguo, mpiga gitaa anaweza kufunga kapo (kibanio cha kubana kamba shingoni mwa gitaa), na besi atajifunza, ndiyo kazi yake. Kwetu mwimbaji ni msichana, na Zombie unamkaa ulivyo. Jambo Bwana tuliushusha.

Ukumbi nao upimeni. Bwalo letu ni la mabati na sakafu ya saruji. Sauti inagonga paa na kurudi. Mpiga gitaa akizidisha mkwaruzo, kodi zote zinakuwa uji. Tulipunguza mkwaruzo hadi nusu ya alivyotaka, tukapanga viti mapema kwa sababu watu na nguo zao hunywa mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna cha kupunguza wala kuongeza. Pigeni We Will Rock You.

Mpangilio tuliobaki nao

Nyimbo tatu, kama dakika kumi pamoja na kuingia na kusalimu: Seven Nation Army, Zombie iliyokatwa, kisha We Will Rock You. Jambo Bwana tutaupiga wakiomba wa nne, na tumeshawapanga wajomba wawili wa kuomba. Anaanza besi peke yake, kwa makusudi. Mikono yake ndiyo inayotetemeka kidogo kuliko ya wengine wote, na noti saba juu ya kamba moja anaweza kuzipiga hata akiwa amefumba macho, jambo ambalo hulifanya.

Miisho tuliifanyia mazoezi kabla ya mianzo. Kila wimbo unaishia kwenye pigo la kwanza baada ya mpiga dramu kuinua kijiti cha kulia. Asipoinua, wanazunguka tena, hakuna wa kuamua kivyake. Na kabla ya kuhesabu nne, kwa kuwa hofu huharakisha kila kitu, anaimba mstari mmoja wa kiitikio moyoni hadi mwisho, midomo inacheza kidogo, ndipo anagonga vijiti. Mpiga gitaa amezoea kumtazama mdomo. Anasema sasa anajua wimbo unakuja kwa mwendo gani kabla hata kijiti hakijagusa kingine.